Kitivo cha Sheria Ng'ambo ya Tana

Mwaka 1970 Bunge la Kenya lilipitisha sheria moja fupi, Sura ya 44 katika majalada ya sheria za nchi. Ukianza kuisoma unaimaliza kabla chai haijapoa. Ilisema kwamba hakuna mtu atakayeweza kwenda mahakamani kwa jambo lolote lililotendwa na askari au mtumishi wa serikali kati ya tarehe 25 Desemba 1963 na tarehe 1 Desemba 1967, mradi lilitendwa kwa nia njema, kazini, na mradi lilitendeka katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki au katika wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Kwa mkulima wa Nyeri au mvuvi wa Homa Bay sheria hiyo haikubadilisha chochote. Kwa mfugaji wa Garissa aliyepoteza ndugu, ngamia au nyumba katika miaka ile minne, mlango wa korti ulikuwa umefungwa, na aliyeufunga ni sheria yenyewe.

Mwaka huohuo wa 1970 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua kitivo chake cha sheria. Sadfa tu, bila shaka, lakini huwa ninaikumbuka kila mara. Jijini vijana walianza kufundishwa namna ya kuishtaki serikali, na kaskazini mashariki watu walikuwa wameambiwa wasijaribu. Tangu hapo vitivo vimeongezeka. Moi walipata chao Eldoret mwaka 1994, kisha wakaja Kenyatta, Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, Egerton, Kisii na Embu, mbali na vyuo vya binafsi vinavyozidi kuchipuka. Pwani nako Chuo Kikuu cha Nairobi kilipeleka kampasi ya sheria Mombasa. Garissa, Wajir na Mandera, kaunti tatu zinazobeba zaidi ya sehemu moja kwa tano ya ardhi yote ya Kenya, zimebaki kando. Kijana wa Rhamu au wa Hulugho anayetaka kuwa wakili hupanda basi, huvuka daraja la Tana, huonyesha kitambulisho kwenye vizuizi njia nzima, na kwenda kusomea sheria mahali ambapo mambo ya kwao hutajwa kama mfano wa ajabu katika mhadhara mmoja wa muhula.

Maoni yangu ni kwamba Chuo Kikuu cha Garissa kiwe na kitivo cha sheria, na kitivo hicho kiwe kidogo kwa makusudi. Wanafunzi thelathini au arubaini kwa mwaka wanatosha. Wafundishwe kwa kesi zinazozaliwa karibu na darasa lao, na kitivo kikatae katakata kuwa nakala hafifu ya Parklands, kampasi ya sheria ya Chuo Kikuu cha Nairobi.

Wanaodhani eneo hili limekosa sheria hawalijui. Limeshiba sheria, tena za kipekee. Sheria ya Wilaya za Mbali ya mwaka 1902 ilimpa mkoloni uwezo wa kulifunga, mtu asiingie wala asitoke bila kibali. Sheria ya Wilaya Maalumu ya 1934 ikawapa wakuu wa serikali uwezo wa kuwakamata watu wa kabila zima lililotangazwa kuwa adui na kutwaa mifugo yao. Mwingereza akaondoka. Wiki mbili tu baada ya bendera kupandishwa, serikali mpya ilitangaza hali ya hatari huko kwa sababu ya mapigano na waliotaka kujiunga na Somalia, mapigano ambayo hadi leo tunayaita vita vya shifta. Kanuni za 1966 zilizofuata ziliondoa hata ule uchunguzi wa kawaida wa kifo ambao hakimu hufanya mtu anapofia mikononi mwa dola. Hali hiyo ya hatari haikuondolewa hadi Novemba 1991. Mtoto aliyezaliwa Garissa mwanzoni mwa 1964 alikuwa na miaka ishirini na saba, pengine na watoto wake mwenyewe, kabla ya kuishi siku moja chini ya sheria za kawaida za Jamhuri.

Katika miaka hiyo ndipo yalipotokea yale ambayo wazee bado huyasimulia kwa sauti ya chini. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, mtaa wa Bulla Kartasi ulichomwa na wakazi wakakusanywa katika uwanja wa shule ya msingi, juani, bila chakula. Februari 1984 yakaja mauaji ya Wagalla, kiwanja cha ndege nje ya mji wa Wajir. Serikali ilikiri vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake iliyotoka Mei 2013, iliona kwamba waliokufa huenda walikaribia elfu moja. Hakuna korti iliyowahi kumtia mtu hatiani kwa lolote kati ya hayo.

Ndiyo maana natamani mwanafunzi wa mwaka wa kwanza Garissa asianze na sheria ya mikataba. Aanze na kanuni hizo za 1966, azisome kifungu kwa kifungu, kisha aende nyumbani wikendi akamuulize nyanya yake zilivyofanya kazi. Vitivo vingine vina vitabu vya historia ya sheria. Hapa mashahidi bado wako hai, japo wanapungua kila mwaka, na tangu tume hiyo imalize kazi sijasikia taasisi ya umma iliyoendelea kuketi nao kwa mpango kurekodi ushahidi wao kwa namna ambayo siku moja ungeweza kuwekwa mbele ya jaji. Kazi hiyo pekee ingetosha kukipa kitivo sababu ya kuwapo, hata kama kisingetoa wakili yeyote.

Chuo chenyewe kina historia inayojulikana duniani kwa sababu mbaya. Kilianza kama chuo cha ualimu, kikawa chuo kishiriki cha Moi mwaka 2011, na alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 kikashambuliwa na Al-Shabaab. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi waliokuwa wametoka pande zote za Kenya. Kilifunguliwa tena Januari 2016 na kufikia Oktoba 2017 kikapewa hadhi ya chuo kikuu kamili. Watu watatu walitiwa hatiani kwa kushiriki njama ya shambulizi hilo mwaka 2019, katika mahakama ya Milimani, Nairobi. Sababu za usalama za kuihamishia kesi huko zinaeleweka. Hata hivyo, kesi kubwa kuliko zote zilizowahi kuzaliwa Garissa ilisikizwa zaidi ya kilomita mia tatu kutoka hapo. Mashahidi walisafiri, na mji wenyewe ukaifuatilia kwa redio.

Sasa nije kwenye kitambulisho, maana hapo ndipo sheria inapomgusa mtu wa kaskazini mashariki kabla haijamgusa mahali pengine popote. Kote nchini kijana akifika miaka kumi na minane huenda kwa chifu, hujaza fomu, hupigwa picha, hungoja. Garissa alikuwa amezoea kupigwa msasa zaidi: kamati ya wazee na maafisa wa usalama, maswali kuhusu ukoo, babu alizikwa wapi, kwa nini jina la mama limeandikwa hivi kwenye cheti hiki na vile kwenye kile. Mwaka 1989 serikali iliwataka Wakenya wote wenye asili ya Kisomali wachunguzwe na kupewa kadi ya pekee ya rangi ya waridi ili wathibitishe kwamba ni Wakenya. Miaka ishirini na mitano baadaye, wakati wa operesheni ya Usalama Watch ya 2014, maelfu walizuiliwa katika uwanja wa Kasarani huku vitambulisho vyao vikikaguliwa upya.

Halafu kuna balaa la usajili maradufu, ambalo mtu wa Nyanza au wa Bonde la Ufa ni vigumu kuliamini mpaka aeleweshwe hatua kwa hatua. Kambi za wakimbizi za Dadaab zilifunguliwa mwaka 1991 Somalia ilipoporomoka. Ukame ulipobana, familia za Kikenya zilizoishi jirani, Fafi na Lagdera, zilijiandikisha kambini ili zipate unga, mafuta, matibabu na shule ya bure. Watoto wakachukuliwa alama za vidole bila kujua wanatia saini nini. Walipofika umri wa kitambulisho, mashine ikawajibu kwamba wao ni wakimbizi. Serikali haikuwatambua kama raia, na kwa Somalia hawakuwa na kwao. Hawawezi kusajili laini ya simu, kufungua akaunti, kupita kizuizini, kujiunga na chuo, wala kuoa kwa cheti. Walionasa katika mtego huo ni makumi ya maelfu.

Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa iliamua kesi ya watu hao kwa upande wao. Waliofikisha kesi hiyo ni waathiriwa wenyewe wakishirikiana na Haki na Sheria, shirika lenye makao yake mjini humo humo. Mwezi uliofuata Rais William Ruto alitia saini Wajir tangazo la kuondoa mchujo wa ziada kwa wakazi wa kaunti za mpakani. Nilifurahi kama wengine. Lakini tangazo si sheria, na rais anayefuata, au jaji mmoja, anaweza kulitengua. Isitoshe, hukumu ya korti haitembei yenyewe hadi kwa karani wa usajili. Lazima mtu aketi na kila kijana, aandike hati yake ya kiapo, atafute cheti cha kuzaliwa au barua ya mkunga, aambatanishe nakala ya hukumu, aende naye dirishani, na akikataliwa aandike barua ya pili. Kazi hiyo haimhitaji wakili mkuu mwenye joho la hariri. Inahitaji wanafunzi wa mwaka wa tatu arubaini, meza, kompyuta kadhaa, na mhadhiri mmoja mkali wa kusahihisha rasimu zao. Kliniki ya sheria ya chuo ingeweza kumaliza katika muhula mmoja majalada ambayo shirika dogo huyahangaikia mwaka mzima.

Nimetaja kliniki, na hapo siwezi kupita bila kuzungumzia Dar es Salaam. Kitivo cha kwanza cha sheria katika Afrika Mashariki kilifunguliwa huko Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Wanafunzi walikuwa kumi na wanne, mwanamke kati yao akiwa mmoja, Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa waziri wa sheria wa Tanzania. Kabla ya hapo Mwafrika aliyetaka uwakili ilimbidi aende Uingereza, na serikali ya kikoloni haikuwa na hamu ya kumpeleka. Kitivo kile hakikuwa na jengo lake wala jina, ila kilikuwa na wazo: kwamba sheria ifundishwe pamoja na historia na uchumi wa watu inaowatawala. Kufikia mwisho wa miaka ya sitini walimu na wanafunzi wake walikuwa na kamati ya kutoa msaada wa kisheria kwa wananchi wasio na uwezo. Mkenya mmoja aliyesomea pale, Willy Mutunga, alikuja kuwa Jaji Mkuu wetu wa kwanza chini ya Katiba ya 2010. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kitivo cha wanafunzi thelathini ni mchezo wa kuigiza, namwambia cha Lumumba kilianza na karibu nusu yao.

Kuna jambo jingine ambalo Nairobi hulisoma kwa mbali na Garissa hulala nalo. Mei 2013 Mahakama Kuu jijini ilikubali kuondolewa kwa shtaka la mauaji baada ya familia mbili za Kisomali kupatana, na ngamia na mbuzi kutolewa kama fidia kwa mujibu wa mila na dini. Upande wa mashtaka uliegemea kifungu cha 159 cha Katiba, kile kinachozitaka mahakama zihimize njia za jadi za kusuluhisha migogoro. Hakuna mwanafunzi wa sheria nchini asiyeijua kesi hiyo. Wengi wameiandikia insha. Ni wangapi kati yao wamewahi kukaa chini ya mgunga kusikiliza maslaha, yaani usuluhishi wa wazee, yakijadiliwa tangu asubuhi hadi magharibi, kila mzee akianza na nasaba na kumaliza na aya?

Watu wa kaskazini mashariki wana hazina kubwa ya sheria isiyo ya serikali, na wameifanyia kazi hadharani. Wajir, mwanzoni mwa miaka ya tisini, damu ilipokuwa ikimwagika kati ya koo, wanawake wa sokoni wakiwa na mwanaharakati wa amani Dekha Ibrahim Abdi waliwaleta wazee mezani, na mwaka 1993 likatoka Azimio la Al-Fatah. Mwaka 2001 wazee na viongozi walikutana Modogashe, mji ulio mpakani mwa Garissa na Isiolo, wakaandika mapatano kuhusu malisho, maji, wizi wa mifugo na silaha. Mapatano hayo yaliweka fidia ya uhai: ngamia mia moja kwa mwanamume, ngamia hamsini kwa mwanamke.

Hapo ndipo mwalimu hodari angefurahi. Mwanafunzi amesoma kifungu cha 27 asubuhi, kinachosema mwanamume na mwanamke ni sawa mbele ya sheria, na jioni anakutana na hesabu ile ya ngamia. Msichana wa darasa hilo ana la kusema, na alisemee pale pale mbele ya wazee walioalikwa, kwa Kisomali, si katika ukumbi wa hoteli ya Westlands. Kuna pia maslaha yanayofanywa pale ambapo hayapaswi kufanywa: mtoto kanajisiwa, familia zinapatana, shahidi anatoweka, kesi inakufa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haina nafasi ya mapatano ya aina hiyo, na polisi na waendesha mashtaka wamekuwa wakilalamika miaka yote. Siasa za Nairobi hulitatua jambo hili kwa kulaani mila kwa ujumla, na viongozi wa huku hulitatua kwa kuitetea kwa ujumla. Mtu aliyefundishwa vyema angejua kuchora mstari: huu mgogoro wa kisima, wazee waumalize, huu wa mtoto, korti.

Mahakama ya Kadhi ni mlango mwingine. Katiba inaitambua katika vifungu vya 169 na 170 na kuipa mamlaka ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa hapo. Garissa, hiyo ndiyo mahakama ambayo mama wa kawaida huijua kabla ya nyingine. Kadhi kwa kawaida amebobea katika fiqhi. Rufaa dhidi yake huenda Mahakama Kuu, kwa jaji aliyebobea katika sheria ya Kiingereza. Kila mmoja ana nusu ya elimu inayotakiwa, na aliyekata rufaa hulipia pengo lililo katikati. Juni 2025 Mahakama ya Juu, katika shauri lililoanzia Pwani, iliamua kwamba watoto wa baba Mwislamu waliozaliwa nje ya ndoa hawawezi kunyimwa urithi kwa sababu hiyo. Viongozi wengi wa Kiislamu walipinga vikali. Nilisoma maoni mengi ya pande zote mbili wakati ule. Waliojua Katiba hawakujua faraidh, yaani kanuni za Kiislamu za mirathi, na waliojua faraidh hawakuwa wameisoma hukumu. Kitivo cha Garissa kingeweza kuwa mahali nchini ambapo mhitimu hutoka akijua vyote viwili kwa kina kinachofanana.

Lakini nisieleweke vibaya. Wapo watakaotaka kukifanya chuo cha makadhi tu, na wapo Nairobi watakaofurahi iwe hivyo ili wamalize habari ya Garissa kwa neno moja. Hapana. Mji huu una mtambo wa umeme wa jua wa zaidi ya megawati hamsini uliozinduliwa Desemba 2019. Una barabara na ukanda wa LAPSSET, wa miundombinu kutoka bandari ya Lamu, unaopita kwenye malisho ya watu, na una Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ambayo inataka kila jamii ijisajili, ichague kamati na kuchora mipaka yake, kazi ambayo kwa wafugaji wanaohama na mvua si ya kuchezea. Mpaka jamii isajiliwe, ardhi yake hushikwa na serikali ya kaunti kwa niaba yake, na fidia ya mradi ikilipwa, hushikwa na kaunti hiyohiyo. Wavuvi wa Lamu walipoishtaki serikali kuhusu bandari, Mahakama Kuu iliwapa zaidi ya shilingi bilioni 1.7 mwaka 2018. Walikuwa na mawakili waliojipanga miaka mingi. Wafugaji wa Garissa na Ijara wamejipanga na nani? Na Dadaab, kilomita mia moja hivi kutoka chuoni, ndiko kulikozaa uamuzi wa Jaji John Mativo wa Februari 2017 uliozuia serikali kufunga kambi. Sheria ya wakimbizi hufundishwa vyuo vingi kama somo la hiari. Hapa lingekuwa la lazima, na baadhi ya wanafunzi wenyewe wangetoka kambi za Ifo na Hagadera.

Kabla ya majoho, ningeanza na wakalimani. Katiba inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo akiwa haelewi lugha ya korti. Kwa vitendo, katika mahakama nyingi kazi hiyo huangukia karani, ambaye anajua Kisomali kwa sababu amezaliwa nacho, lakini hajafundishwa kutofautisha kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia katika lugha hiyo. Hakimu anaandika anachosikia kwa Kiingereza. Mzee aliyesema sentensi kumi hurudishiwa mbili. Diploma ya ukalimani wa mahakamani, Kisomali, Kiswahili, Kiborana na Kiingereza, ingegharimu kidogo kuliko shahada na ingebadilisha mashauri ya kesho asubuhi.

Sasa magumu. La kwanza ni alama. Ili kusomea sheria nchini unahitaji wastani wa C+ katika mtihani wa kidato cha nne na B katika Kiingereza au Kiswahili. Masharti yanaonekana mepesi mpaka uyatazame kutoka Mandera. Baada ya abiria ishirini na wanane wa basi kuuawa huko Novemba 2014, wengi wao walimu waliokuwa wakienda likizo, walimu wasio wenyeji waligoma kurejea wakapiga kambi makao makuu ya tume inayowaajiri, Nairobi. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa, na tume ikawaondoa wengi kutoka kaunti zote tatu. Siwalaumu walimu hata chembe. Lakini mtoto anayeongea Kisomali nyumbani na sokoni, ambaye amekosa mwalimu wa Kiswahili vidato viwili vizima, ataitoa wapi hiyo B? Kitivo kikifunguliwa bila kulijibu swali hilo, kitajaa watoto wa Nairobi na Thika waliokosa nafasi kwingine, na wenyeji watakipita kwa basi kama zamani. Kwa hiyo wahadhiri wake wapewe zamu za kufundisha lugha na mijadala Garissa High na NEP Girls, na shule za Wajir na Mandera wakati wa likizo. Wenye shahada za uzamivu watanung'unika. Wanung'unike wakiwa darasani.

La pili ni idhini. Baraza la Elimu ya Sheria hukagua maktaba, idadi ya wahadhiri, madarasa, hata ukumbi wa korti ya mfano. Mwaka 2015 liliamuru kitivo cha Moi kifungwe kwa kutotimiza masharti, na wanafunzi wakaingia barabarani. Moi ndiye mama wa Garissa. Mtoto ajifunze kwa mama. Vyuo vyetu vya umma vinadaiwa hadi shingoni, na kozi ya sheria huwavutia wakuu wa vyuo kwa sababu wazazi hulipa. Kitivo kinachofunguliwa ili kulipia madeni ya umeme, chenye wahadhiri wawili wa kudumu na ishirini wa kulipwa kwa saa, ni kisima kisicho na kamba. Heri kisifunguliwe. Ndiyo sababu nyingine ya kusisitiza udogo: arubaini unaweza kuwafundisha vizuri na wahadhiri kumi walioamua kuishi Garissa, wakiwamo mawakili wa mjini na jaji au kadhi anayekuja jioni. Mia nne huwezi, hata ukipewa jengo la ghorofa tano.

La tatu husemwa kwa kunong'onezwa: nani atakuja? Wahadhiri kutoka mikoa mingine wana kumbukumbu ya 2015 na wana haki nayo. Hata hivyo, wanafunzi kutoka kila pembe walirudi Garissa baada ya chuo kufunguliwa upya, na wenyeji waliosomea sheria kwingine si haba tena. Jaji Mohammed Ibrahim alikuwamo katika Mahakama ya Juu tangu ilipoanza 2011. Ahmednasir Abdullahi alikuwa mwenyekiti wa Chama cha Mawakili. Abdikadir Mohammed, akiwa mbunge wa Mandera ya Kati, aliongoza kamati ya Bunge iliyoshughulikia rasimu ya Katiba ya 2010. Watu hawa walifika huko bila kitivo cha nyumbani. Kizazi chao na kilichofuata kina deni la mihadhara.

Mtu ataniuliza: wakishahitimu, si wataondoka? Wataondoka. Chuo cha mafunzo ya uwakili kiko Karen, na mwanafunzi wa uwakili lazima afanye kazi kwa miezi kadhaa chini ya wakili mwenye uzoefu wa miaka isiyopungua mitano, ambaye Mandera si rahisi kumpata. Watavuka daraja wote. Wengine watapata ofisi Upper Hill au Eastleigh, na hatutawaona tena ila wakati wa Idi. Hilo halinisumbui sana. Mradi kliniki ina majalada, na mradi kila mwaka wanabaki wanne au watano wa kufungua ofisi Garissa, Wajir, Elwak, hesabu inalipa. Waliobaki Nairobi nao wataingia Milimani siku ambayo kesi ya kwao italetwa huko, na safari hii hawatahitaji mkalimani.